Kusawazisha Mteremko

Katika lugha yetu kitenzi "kusawazisha" kina kazi mbili. Fundi husawazisha kiwanja kabla ya kuanza msingi, na wazee husawazisha jambo lililoharibika baina ya ndugu. Katika miaka yote niliyofundisha Kiswahili sikupata kuwaza kwamba kazi hizo mbili zinaweza kukutana mahali pamoja. Nimekuja kuyawaza hayo baada ya kustaafu, nilipopata wasaa wa kusoma habari za Milima ya Uluguru, ambayo naiona kila asubuhi nikifungua dirisha. Huko, katika miaka ya 1950, watu waliamriwa waisawazishe milima yao kwa jembe, na amri hiyo ikavuruga mambo mpaka mtu akapoteza maisha.

Kilichonipeleka kwenye habari hizo ni kiwanja changu mwenyewe. Nyumba yangu iko Morogoro, upande ambao mji unaanza kupanda mlima. Uani kwangu ardhi inashuka kwa kasi kuelekea kijito. Kutoka ukuta wa jiko hadi mpaka wa chini ni mita 12, na katika mita hizo 12 ardhi inashuka mita 4. Upana ni mita 15. Mke wangu alitaka bustani ya mchicha, matembele na bamia. Wajukuu walitaka mahali pa kuchezea ambapo mpira hautaishia kijitoni. Na masika kila yalipopita, maji yalishuka na sehemu ya udongo wetu.

Kijana mmoja mwenye kazi ya kukodisha mitambo alikuja kupaangalia. "Shikamoo, Mwalimu. Hii ni kazi ya siku moja tu. Naleta katapila, jioni unakuta uwanja." Nikamuuliza udongo mweusi wa juu utakwenda wapi. Akacheka kwa adabu: "Udongo ni udongo, Mwalimu."

Hebu tupige hesabu pamoja, maana katika jambo hili hesabu ndiyo inayosema kweli. Ukitaka kiwanja kama changu kiwe tambarare moja, unakata nusu ya juu na kujaza nusu ya chini. Kule juu, karibu na jiko, utachimba kina cha mita 2. Kule chini utajenga ukuta wa mita 2 kuzuia kifusi, na ukuta huo ukikosa matundu ya kutolea maji, mvua ya Aprili itausukuma mpaka uanguke. Udongo utakaouhamisha ni mita za ujazo 90. Lakini ukigawa mteremko huo huo katika ngazi nne, kila moja upana wa mita 3, kina cha kuchimba hakizidi nusu mita, na udongo wa kuhamisha unapungua hadi mita za ujazo 22 na nusu. Ni robo tu ya ile kazi ya kwanza.

Hata hiyo nusu mita si jambo dogo. Udongo wa juu, ule mweusi wenye mboji na mizizi na wadudu wake, aghalabu unene wake ni sentimita 15 au 20. Chini yake ni udongo mwekundu, mgumu, wenye rutuba haba. Kwa hiyo kila ngazi inapochongwa ovyo, upande wake wa ndani unabaki mwekundu mtupu, na ule mweusi unafukiwa chini ya kifusi upande wa nje, mahali ambapo mizizi ya mchicha haiufikii. Mwenyewe utaona bustani nzuri iliyonyooka. Mmea utaona ardhi iliyopinduliwa kichwa chini miguu juu.

Sasa tupande mlimani. Waingereza waliotawala Tanganyika walikuwa na hofu kubwa ya mmomonyoko wa udongo. Katika miaka ya 1930 tufani za vumbi ziliharibu mashamba ya nyanda za kati za Marekani, na habari zake zikatia wasiwasi maofisa wa kilimo katika makoloni yote. Walipoitazama Uluguru waliona milima iliyolimwa mpaka kwenye miinuko mikali, moto wa kusafishia mashamba kila mwaka, na mito iliyogeuka rangi ya matofali wakati wa mvua. Mto Ruvu unapata maji yake katika milima hiyo, na maji ya Ruvu yanahitajiwa na watu wengi huko chini mpaka pwani. Ndipo ulipoanzishwa, mwanzoni mwa miaka ya 1950, mpango maalumu wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Kuchoma mashamba kukapigwa marufuku, kulima kandokando ya mito kukakatazwa, na wakulima wakatakiwa kuchimba matuta ya ngazi mashambani mwao. Aliyekaidi alipigwa faini.

Mwalimu wa hesabu angeweza kuwaonya maofisa wale. Chukua shamba ambalo kila ukienda mita 2 mbele unashuka mita 1, mteremko ambao Uluguru si ajabu hata kidogo. Ukilichonga ngazi za upana wa mita 2, katika eka moja utahamisha udongo unaofika mita za ujazo 500. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na zaidi. Kazi hiyo yote ifanywe kwa jembe la mkono, na mtu yule yule ambaye bado ana shamba la kupalilia, maji ya kuteka na watoto wa kulisha. Na akimaliza, anapanda mahindi juu ya ule udongo mwekundu.

Ndivyo ilivyokuwa. Kwenye ngazi nyingi mahindi yalipungua, kwa sababu udongo wa chini ulikuwa umeletwa juu. Jirani yangu mmoja, mzee aliyezaliwa upande wa Matombo, ambaye sasa ni marehemu, alinisimulia alivyoliona hilo akiwa mtoto. "Mwalimu, mahindi yalitoka ya manjano kama mtu mwenye safura. Mama yangu aliyaangalia, akauliza: hivi ndivyo tunavyofundishwa kulima?" Swali la mama yule ndilo ambalo mpango mzima haukuwa na jibu lake. Mtu anaweza kuvumilia kazi ngumu ikiwa ghala linajaa. Kazi ngumu inayopunguza chakula huiita adhabu.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo halionekani kwa pima maji. Kwa Waluguru ardhi ni mali ya ukoo, na ukoo hufuatwa kwa upande wa mama. Wengi hulima kipande walichoazimwa na ukoo mwingine, na desturi inampa mgeni ruhusa ya kulima mazao ya msimu, wala si kuweka kitu cha kudumu. Mtu apandaye miti ya kudumu kwenye ardhi ya kuazima huonekana kama anataka kuichukua. Basi ni rahisi kuelewa wasiwasi ulioingia kila mahali. Ngazi ni kitu cha kudumu. Nikichimba ngazi kwenye ardhi niliyoazimwa, itakuwa ya nani? Na serikali inayoniamuru niichimbe, je, kesho haitasema kwamba ardhi ni yake? Maofisa walipima nyuzi za mteremko, lakini maswali ya namna hii yaliwapita kando.

Mwezi Julai 1955 mambo yalichemka. Huko Matombo watu walikusanyika kwa wingi kupinga matuta, ghasia zikazuka, polisi wakatumia mabomu ya machozi na kisha bunduki. Mtu mmoja aliuawa. Kabla ya mwaka kwisha ulazima wa kuchimba ngazi ulikuwa umeondolewa. Msomaji atakumbuka kwamba TANU ilikuwa imezaliwa tarehe 7 Julai 1954, mwaka mmoja tu kabla ya ghasia hizo. Wengi wa watu wa milimani hawakuhitaji kuhutubiwa kuhusu ukoloni ni kitu gani. Walikuwa wameuchimba kwa mikono yao.

Wala Waluguru hawakuwa peke yao. Katika milima ya Usambara mpango kama huo ulianza Mlalo mwaka 1946, ukaenea baadaye sehemu nyingine za Wasambaa, ukachukiwa, na kabla ya Uhuru ukaachwa. Huko Murang'a, Kenya, uchimbaji wa matuta ya lazima uliwaangukia hasa akina mama, kwa kuwa wanaume wengi walikuwa wamekwenda mijini na kwenye mashamba ya walowezi. Mwaka 1947 watu wa huko waliamua kwamba wanawake wasichimbe tena, na mwaka 1948 wanawake wenyewe wakaandamana wakicheza na kuimba kuonyesha kwamba wamekataa. Milima mitatu, makabila matatu, nchi mbili, na jibu lilikuwa moja.

Ningekuwa dhalimu kama ningeishia hapo na kuwaacha maofisa wale waonekane wapumbavu. Hofu yao ilikuwa na msingi. Tarehe 23 Februari 1970 mvua kubwa ilinyesha Mgeta, upande wa magharibi wa Uluguru, karibu milimita 100 katika muda wa saa tatu hivi. Maporomoko ya udongo yaliyohesabiwa yalizidi 1,000. Karibu yote yalitokea mashambani na kwenye nyasi. Ndani ya msitu, ambako mizizi ya miti inashika ardhi kama vidole, yalikuwa machache mno. Mlima uliovuliwa miti huanguka kweli. Ugonjwa ulikuwapo, na mganga aliutambua sawasawa. Mabishano ni juu ya dawa, na juu ya namna mgonjwa alivyonyweshwa.

Tena, si kweli kwamba Mwafrika hakujua kuchonga mlima mpaka alipofundishwa. Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, yapo mabaki ya mashamba ya ngazi na mifereji ya mawe katika eneo la kilometa za mraba zipatazo 20, ambayo yalilimwa kati ya karne ya 15 na ya 18. Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, kwa zaidi ya karne moja wamelima ngolo: majani hukatwa na kulazwa kwa miraba, kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kutupiwa juu ya majani. Vinabaki vishimo vya kunasa maji ya mvua, vimezungukwa na matuta ambayo ndani yake majani yanaoza na kuwa mbolea. Mteremko mzima unaonekana kama sega la nyuki. Na huko huko Uluguru, wakulima wa Mgeta wana vingazi vyao vya asili. Mkulima husimama upande wa chini, hulaza magugu, kisha hukata udongo wa juu yake na kuyafunika. Ngazi hizo ni nyembamba, hutengenezwa upya kila msimu, na udongo mweusi haufukiwi kina kirefu.

Ukizilinganisha kazi hizi na ngazi za amri utaona tofauti ilipo. Ngolo na vingazi huchukua udongo kidogo kidogo, hulisha udongo kwa majani, na mwenye kuvitengeneza ndiye mwenye kula. Upande wa Mgeta hata ngazi pana zilipata wapenzi wake, kwa kuwa huko watu walilima mboga za kuuza na walikuwa na maji ya mifereji. Kabichi iliyopata samadi na soko ilimlipa mkulima jasho lake. Ngazi ile ile iliyoleta vita Matombo ilikuwa rafiki upande wa pili wa mlima.

Mfano mkubwa kuliko yote uko Machakos. Katika miaka ya 1930 maofisa wa Kenya walikuwa wameikatia tamaa nchi hiyo ya Wakamba. Waliiona kama jangwa linalokuja. Mwaka 1938 walijaribu kupunguza mifugo kwa nguvu, na Muindi Mbingu akawaongoza watu kwa maelfu hadi Nairobi kudai ng'ombe wao. Baadaye matuta nayo yaliletwa kwa shuruti. Lakini katika miaka ya 1950 kazi ilianza kufanywa na vikundi vya mwethya, yaani ushirika wa Wakamba wenyewe wa kusaidiana kazi, na wakulima wakapendelea namna yao ya kuchimba. Walichimba mtaro kufuata usawa wa mlima, wakatupa udongo upande wa juu wa mtaro badala ya chini. Tuta linalopatikana huzuia maji, maji huacha udongo wake nyuma ya tuta, na mwaka hadi mwaka shamba hujisawazisha lenyewe. Udongo mweusi unakuja wenyewe, wala haufukiwi.

Namna hiyo inaitwa "fanya juu". Hilo ndilo jina lake mpaka leo, hata katika vitabu vya Kiingereza vya wataalamu wa udongo duniani, bila kutafsiriwa. Mara baada ya Uhuru kazi hiyo ilipungua, maana matuta yalinuka ukoloni. Kuanzia miaka ya 1970 ikafufuka, safari hii watu wakichimba kwa hiari ili wapate kahawa, matunda na mahindi. Wakazi wa Machakos walikuwa karibu 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mwaka 1989 walifika kama milioni 1.4. Katika muda huo mmomonyoko, badala ya kuzidi, ulipungua. Watafiti walioeleza habari hizo katika kitabu kilichotoka mwaka 1994 walionyesha kwamba wingi wa watu, pamoja na soko na uhakika wa ardhi, ndio uliofanya kila kipande cha mteremko kistahili kutunzwa.

Baada ya kusoma hayo nilimshukuru yule kijana wa katapila, tukaagana vizuri, nikawatafuta vijana wawili wenye majembe na sururu. Tulianzia chini kabisa. Udongo mweusi wa ngazi ya kwanza tuliukwangua na kuuweka kando, tukakata na kujaza ule mwekundu, tukajenga ukingo wa mawe. Halafu udongo mweusi wa sehemu ya ngazi ya pili tukaushusha kuifunika ya kwanza, wa ya tatu kuifunika ya pili, na kadhalika mpaka juu. Ile lundo ya mwanzo, tukaipandisha kwa ndoo kufunika ngazi ya mwisho. Kila ngazi tuliilaza kidogo kuelekea mlimani ili maji yasiruke ukingo, na pembeni tukaacha mfereji wenye nyasi. Kwenye kingo tukapanda mabingobingo. Ilituchukua wiki tatu. Wajukuu hawakupata uwanja wa mpira, ila wamepata ngazi nne za kurukia, na malalamiko yao yamekwisha. Msimu wa kwanza mke wangu aliona upande wa ndani wa ngazi ukisuasua, akauongezea samadi bila kuniuliza.

Mtu ataniambia kwamba bustani ya mita 15 kwa 12 si mlima, wala wiki tatu za vijana wawili waliolipwa ujira si sawa na maisha ya watu waliotozwa faini. Ni kweli. Lakini ukubwa hauyabadilishi maswali. Udongo mweusi unakwenda wapi? Nani anachimba? Nani atakula? Ngazi ikikamilika ni ya nani? Mpango wa Uluguru ulikuwa na majibu mengi ya kitaalamu, na kati ya maswali hayo manne haukumuuliza mkulima hata moja.

Kuna tukio la karibuni linalonifanya nisikate tamaa. Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yaliandaa mpango katika vijiji vya Kibungo Juu, upande ule ule wa mashariki ya Uluguru ambako watu waliyakataa matuta. Wakulima waliojiunga kwa hiari walilipwa fedha kwa kulima namna inayolinda maji, na moja ya kazi walizolipwa ilikuwa kuchimba matuta ya ngazi na fanya juu. Fedha zilitoka kwa wanaotumia maji ya Ruvu huko Dar es Salaam, yaani shirika la maji la mji na kiwanda cha vinywaji. Wajukuu wa watu walioadhibiwa kwa kutochimba sasa walikuwa wanalipwa kwa kuchimba, kwa ajili ya mto ule ule.

Wapo wanaosema kwamba kumlipa mkulima ili atunze shamba lake ni kumharibu. Mimi naona ni kukiri deni lililofichwa tangu zamani. Maji yale yalikuwa yakiteremka kwa wengine siku zote, na gharama ilikuwa ikiachwa mlimani. Bila shaka malipo ya mradi huisha, na yakiisha itabaki ile ngazi inayomlisha mwenyewe. Nyingine itarudiwa na magugu. Lakini safari hii aliyeshika jembe aliulizwa kwanza, na alipokubali alijua atapata nini. Wazee wanaposawazisha jambo baina ya ndugu huanza hivyo hivyo: kila mmoja anakaa chini, anasikilizwa, na anayedai anataja anachodai kabla ya mwingine kuombwa chochote.